Mateso hayazai bingwa



Kila mara mwanamichezo wa kwetu anapofika juu, kuna sentensi moja inayotembea mjini. Utaisikia kwenye radio, kwa motari, kwa mama muuza ndizi: "Mateso njo ilimukomalisha." Tunaisema juu ya bondia, juu ya mcheza basketi, juu ya mkimbiaji. Ni sentensi tamu na inatutia moyo. Lakini mimi nilisoma agronomia, na sisi watu wa shamba tuko na tabia moja: tukiona mavuno tunauliza yametoka wapi. Ni mbegu? Ni udongo? Ni maji? Ni mkono wa mkulima?

Nimejaribu kuuliza swali hilo juu ya wanamichezo wetu wenye vipaji ambao maisha yaliwapiga sana. Jibu nililopata ni tofauti na ile sentensi. Mateso hayakuwapa kitu, yaliwanyang'anya. Kilichowafikisha mbali ni kitu kingine, na hicho kitu mara nyingi kina jina la mtu, na hata anwani. Niwaeleze polepole, kisha mtaona kwa nini jambo hili linatuhusu sisi tulio na diplome mkononi.

Tuanze na jirani zetu wa Bukavu

Popole Misenga alizaliwa Bukavu mwaka wa 1992. Akiwa bado mtoto alikimbia mapigano, akatengana na familia yake, akakaa msituni siku nane mpaka alipookolewa na kupelekwa Kinshasa. Huko, katika kituo cha watoto, njo alikutana na judo. Yolande Mabika naye ni wa Bukavu, naye vita vilimtenga na wazazi akiwa mtoto, naye alijifunza judo Kinshasa. Mpaka hapa wenye ile sentensi watasema: "Umeona? Mateso!" Ngojeni kwanza.

Mwaka wa 2013 wote wawili walipelekwa Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia ya judo. Baadaye walieleza kwamba wakubwa wa timu walishika paspoti zao na pesa za chakula, wao wakabaki na njaa hotelini. Popole ameeleza pia kwamba nyumbani, mchezaji akishindwa pambano, alifungiwa kwenye kasho siku kadhaa kwa kahawa na mkate tu. Basi walitoka hotelini, wakaomba ukimbizi Brazil, wakaanza maisha katika mitaa maskini ya Rio bila lugha, bila ndugu, wakitafuta vibarua.

Sasa angalia vizuri. Kama mateso yangekuwa yanazaa bingwa, Popole angekuwa bingwa wa dunia siku ile ile. Alikuwa amepitia vita, uyatima, njaa na kasho. Alibakiwa na nini? Hakuwa na tatami ya kufanyia mazoezi, hakuwa na mwalimu. Hata kile kipaji chenyewe kilikuwa kimeharibika kidogo, na hapa njo pananigusa zaidi. Alipopata tena nafasi ya kufanya mazoezi, alikuwa anapigana kwa ukali uliopita kiasi, hata na wenzake wa mazoezi. Ni jambo la kueleweka. Mtu aliyezoea kwamba kushindwa ni kufungwa, atamwona kila aliye mbele yake kuwa adui. Ilibidi afundishwe upya kwamba mwenzako wa mazoezi si mtu wa kuumiza.

Nani alimfundisha? Geraldo Bernardes, mwalimu mzee aliyewahi kufundisha timu ya taifa ya Brazil. Wapi? Kwenye Instituto Reação, taasisi ya Rio iliyoanzishwa na Flávio Canto, mwanajudo aliyepata medali ya shaba Athens mwaka wa 2004, na ambayo inafundisha judo watoto wa mitaa maskini. Hili njo jina, na hii njo anwani niliyowaambia.

Mwaka wa 2016 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliunda kwa mara ya kwanza timu ya wakimbizi. Walikuwa wanamichezo 10: wakimbiaji watano wa Sudani Kusini waliofanya mazoezi Kenya kwa Tegla Loroupe, waogeleaji wawili wa Siria, mkimbiaji mmoja wa Ethiopia, na hao wawili wetu. Katika uzito wa kilo 90, Popole alimshinda Avtar Singh wa India, kisha akatolewa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, aliyekuwa bingwa wa dunia. Yolande, katika kilo 70, alitolewa pambano la kwanza. Popole alirudi tena kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka wa 2021.

Kwenye Olimpiki hiyo hiyo ya Rio, medali ya kwanza ya dhahabu ya Brazil ililetwa na Rafaela Silva, binti wa Cidade de Deus, mtaa ambao sifa yake inafanana na sifa ambayo watu wa mbali wanaipa Birere. Mwaka wa 2012 alitolewa London kwa kosa la kanuni, akatukanwa kwenye intaneti kwa rangi ya ngozi yake, karibu aache mchezo. Na yeye pia alilelewa na Bernardes, kwenye Instituto Reação ile ile. Maisha yao yalikuwa tofauti, lakini mahali pa kulelewa palikuwa pamoja. Nikiwa agronomu, nikiona miche miwili mizuri kwenye kitalu kimoja, naenda kumsalimia mwenye kitalu.

Lakini si kuna ugumu unaojenga?

Najua kuna mtu anasema moyoni: "Lakini mchezo bila ugumu hauwezekani." Ni kweli kabisa. Na kilimo kinajua tofauti.

Tunapotayarisha miche ya nyanya au kabichi, siku 7 hadi 10 kabla ya kuipeleka shambani tunaikomaza. Tunapunguza maji kidogo kidogo, tunaondoa kivuli kidogo kidogo, mche uzoee jua na upepo. Ni ugumu, ndiyo. Lakini ni ugumu uliopimwa: mkulima yuko pale, anaangalia jani, na likinyauka sana anarudisha maji. Mche uliokomazwa hivyo unashika vizuri shambani.

Sasa chukua mche ule ule, uung'oe, uutupe barabarani siku nane. Huko si kuukomaza, ni kuuacha ufe. Na kama mmoja kati ya mia ukishika mizizi kwenye ufa wa barabara, hatuwezi kuandika kitabu kwamba barabara ni kitalu kizuri.

Mazoezi ya saa kumi na moja asubuhi ni ugumu uliopimwa. Mwalimu anayekukatalia kucheza mpaka uonyeshe bulletin ya shule ni ugumu uliopimwa. Kasho, njaa na vita si mazoezi. Tunapochanganya hivi viwili, tunawapa ruhusa wakubwa wa timu wanaopiga watoto na kula pesa zao, kisha wanajitetea: "Tunamukomaza."

Mtoto wa Goma na mwaka wa lava

Turudi nyumbani. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, lava ikashuka mpaka katikati ya mji, ikakata Birere, ikafika ziwani. Mwaka huo huo, tarehe 6 Oktoba, alizaliwa Goma mtoto anayeitwa Jonathan Kuminga. Leo wengi wenu mnamjua. Mwaka wa 2021 alichaguliwa wa 7 kwenye mchujo wa NBA na Golden State Warriors, na mwaka wa 2022, akiwa na miaka 19, alikuwa kwenye timu iliyochukua ubingwa.

Watu wanapenda kusema Goma yetu inatoa watu wagumu kwa sababu ya lava. Hapo nisamehe, nazungumza kama mtu wa udongo. Ni kweli udongo wa volkano una rutuba nyingi, njo maana Masisi na Rutshuru zinalisha watu wengi. Lakini ule ni udongo wa lava na majivu ya zamani sana, iliyovunjwa polepole na mvua, jua, ukoga na mizizi. Lava ya 2002 bado ni jiwe. Ukipanda mahindi juu yake hutapata kitu. Mama wa Birere anayetaka lengalenga nyuma ya nyumba ananunua udongo, anauweka kwenye mifuko, anaumwagilia. Mboga ile haikulelewa na lava, ililelewa na mama.

Na Kuminga vilevile. Alianza basketi hapa, lakini mwaka wa 2016, akiwa mtoto wa shule, alikwenda Marekani, mbali na wazazi wake. Alipita shule za West Virginia, New York na New Jersey kabla ya kuingia timu ya vijana ya NBA iliyoitwa Ignite. Kuachana na baba na mama katika umri ule si dawa ya kipaji, ni bei aliyolipa. Alilipa kwa sababu ngazi ambayo mtoto wa Goma angepandia haikuwa Goma. Sisi tunapiga makofi siku anapoingiza mpira. Ile bei hatuihesabu.

Mfano mmoja kutoka mbali: besiboli

Besiboli hatuichezi Birere. Ni mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira mdogo kwa rungu. Lakini iko na hadithi inayosaidia hapa, juu ya Josh Hamilton. Mwaka wa 1999 alichaguliwa wa kwanza kabisa nchini mwake kati ya vijana wote wa besiboli. Mwaka wa 2001 alipata ajali ya gari, akakaa nje ya uwanja, akaingia kwenye pombe na kokeini, akafungiwa kucheza kwa miaka. Mwaka wa 2007 alicheza ligi kuu kwa mara ya kwanza, na mwaka wa 2010 akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yake.

Nini kilitokea katikati? Mwaka wa 2005 alifika usiku kwenye nyumba ya bibi yake, akiwa amekonda, na bibi akamfungulia mlango. Akamlisha, akamweka, kisha akamwambia wazi kwamba hataki kuona dawa zile nyumbani mwake. Kokeini haikumfanya bingwa. Bibi alimrudishia nafasi ya kuwa kile alichokuwa tayari. Na hata baada ya ubingwa alianguka tena, zaidi ya mara moja, maana jeraha la namna ile halifutwi na kombe.

Wale tusiowaona

Kosa kubwa la ile sentensi yetu ni la hesabu. Tunahesabu waliofika tu. Birere, kwa mtu asiyeijua, si mtaa mmoja: ni Mapendo, Kahembe, Murara, Mikeno, nyumba zimebanana, biashara mlango kwa mlango, mpaka wa Rwanda uko karibu. Watoto wa pale wote wanapata mateso. Kama yangezaa mabingwa, tungekuwa na uwanja mzima wa mabingwa.

Nilimjua kijana mmoja wa mtaa wetu, mguu wake wa kushoto ulikuwa unafanya mpira useme kweli. Alikuwa na miaka 14. Baba alipokosa kazi, kijana alianza kusukuma chukudu ili wadogo zake walipiwe minervali. Mwaka wa kwanza alikuwa bado anakuja uwanjani Jumapili. Mwaka wa pili goti lilianza kuuma juu ya mizigo. Mwaka wa tatu alikuwa anakaa pembeni anatazama. Leo yuko na miaka zaidi ya 20, anafanya kazi yake kwa heshima, na hakuna radio itakayosema mateso yalimukomalisha.

Kwenye mahindi iko hatari moja ambayo kila mwanafunzi wa agronomia anaijua. Ukame ukija wakati wa maua, nyuzi za gunzi zinachelewa kutoka, na chavua inamwagika kabla hazijawa tayari. Unapata gunzi lenye mapengo. Baadaye mvua ikinyesha hata mwezi mzima, mmea utarudia rangi ya kijani, lakini zile punje hazitarudi. Muda wake umepita.

Mwanamichezo naye ana muda wa maua: tuseme miaka 12 hadi 18. Volkano ya Mei 2021, mapigano yaliyoingia Goma Januari 2025, kuhama na kurudi, kila kimoja kiliangukia kundi fulani la watoto katika miaka yao ya maua. Ndiyo sababu jambo hili lina haraka. Kusema "Mungu atamkumbuka wakati wake" ni maneno mazuri, lakini wakati wake uko sasa.

Karatasi nazo ni maji

Iko shida nyingine isiyo na damu wala moshi, lakini inavunja watu. Silas wa Kinshasa alicheza Ujerumani, VfB Stuttgart, kwa jina la Wamangituka. Juni 2021 ilijulikana kwamba jina lake halisi ni Silas Katompa Mvumpa, na kwamba ana mwaka mmoja zaidi ya ule ulioandikwa. Wakala wake wa zamani njo alibadilisha utambulisho huo wakati kijana alikuwa Paris chini ya mkono wake. Silas alijitokeza mwenyewe kusema ukweli. Alifungiwa miezi mitatu na kutozwa faini ya euro 30,000. Miaka yote ile alicheza akiwa na hofu.

Sheria ya nchi yetu inataka mtoto aandikishwe kwenye etasivili ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Zikipita, lazima upitie tribinali. Mzazi anayeuza makala Birere hajui hivyo, au anajua lakini anaogopa ofisi. Mtoto anakua bila karatasi, na siku kipaji kinapoonekana, wa kwanza kumkaribia ni yule anayesema: "Karatasi nitakutengenezea mimi."

Waliofanya kitu

Makorobondo Salukombo, wengi wanamwita Dee, ni wa Kirotshe, hapo kando ya Ziwa Kivu. Familia yake ilikimbia vita, ikapita Uganda, mwaka wa 2004 ikafika Ohio, Marekani. Huko alikimbia mbio shuleni, akasoma Chuo Kikuu cha Denison, akamaliza. Mtu mwenye diplome ya Marekani angeweza kubaki huko. Yeye alirudi huku kufundisha vijana kukimbia. Mwaka wa 2016 alikimbia marathoni ya Rio kwa bendera ya nchi yetu, na Beatrice Kamuchanga, binti wa huku kwetu, akakimbia mita 5000.

Balezi Bagunda, anayejulikana kama Kibomango, alikuwa mtoto mwanajeshi na alipoteza jicho moja. Kwa miaka mingi alifundisha ndondi vijana wa Goma, wakiwemo watoto wa barabarani na waliotoka kwenye makundi ya silaha. Na tangu 2006 kuna Promo Jeune Basket, inayounganisha basketi na elimu ya watoto hapa mjini. Hao wote hawakungoja serikali ijenge uwanja wa kifahari. Walianza na saa, kiwanja na kurudi kesho yake.

Sisi je?

Tunalalamika kwamba tuko na licence na hatuna kazi. Ni kweli, na mimi niko ndani. Lakini tuko na vitu ambavyo yule kijana wa chukudu hakuwa navyo karibu yake, na havihitaji pesa nyingi.

Waliosoma sheria: kusindikiza mzazi mmoja mpaka etasivili au tribinali ni asubuhi chache. Waliosoma afya: goti la mtoto wa miaka 14 linaweza kuangaliwa kabla halijaharibika, na kocha akaambiwa apumzishwe. Waliosoma ualimu: saa mbili za marudio baada ya mazoezi, ili mchezo na shule visigombane. Waliosoma uchumi na usimamizi: klabu ndogo za mtaa zinahitaji daftari la pesa linaloonekana na wote, ili pesa ya chakula ya wachezaji isipotee mfukoni mwa mkubwa. Na sisi wa agronomia: mtoto anayecheza na tumbo tupu hakui, na bustani ya mifuko juu ya lava tunajua kuitengeneza.

Hakuna hata moja kati ya hizo itakayozalisha bingwa kwa hakika. Mkulima naye hana hakika ya mvua, lakini anaandaa kitalu.

Naomba kila mmoja wetu, kabla mwezi huu haujaisha, aende kwenye kiwanja kimoja cha mtaa wake, aongee na kocha, aulize jina la mtoto mmoja aliyekuwa anacheza vizuri na siku hizi haonekani. Halafu aende nyumbani kwao aulize kilichomzuia. Kama ni karatasi, goti, minervali au njaa, katika chama hiki hatukosi mtu aliyesoma jambo hilo.